Kikohozi Kwenye Utepe

Niliajiriwa kwa sababu ya kitambaa cha kufunikia meza. Nilikuwa nadarizi vitambaa na kuviuza Homa Bay siku za soko, na kile cha siku hiyo kilikuwa na ndege wa ziwani, wale weusi wenye shingo ndefu, wakikausha mabawa juu ya jiwe. Mke wa fundi wa picha alikishika, akakigeuza upande wa nyuma kuangalia mishono, kisha akaniuliza ni nani aliyenichorea ndege hao.

"Nimechora mwenyewe," nikasema.

"Umefuatisha kitabu?"

"Nimefuatisha ndege."

Hakucheka. Alinunua kitambaa, akaniambia nimfuate dukani kwao.

Nilikuwa mjane mchanga. Mume wangu alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Tulikuwa tunalima Lambwe, akashikwa na ugonjwa wa malale. Alianza kwa kusinzia akiwa ameshika jembe, kisha akawa mkali, hamwamini mtu yeyote, na mwishowe akawa hamtambui hata mtoto wake. Baada ya mazishi shemeji zangu walitaka nirithiwe. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya Wasabato kule Rusinga, nikakataa, nikaondoka na binti yangu mgongoni. Nilivuka naye hadi kisiwani, nikamwacha kwa mama yangu, nikarudi bara peke yangu kutafuta riziki. Mjini watu waliniita Nyar Chula, binti wa kisiwani, na hilo ndilo jina nililoingia nalo dukani siku ile.

Duka lao lilikuwa kwenye barabara inayoteremka gatini. Mbele palikuwa na studio: pazia lililochorwa mlima na ngazi za mawe, kiti kimoja na taa mbili. Mwenye duka alikuwa Mhindi mwembamba, Mwislamu, mzaliwa wa hapa hapa. Babu yake aliletwa kujenga reli. Kijaluo alikisema kama sisi, na watu wote walimwita Bwana Picha. Kabla ya kufungua studio aliwahi kuzunguka na gari la sinema la serikali, akionyesha vijijini filamu za josho la ng'ombe na za kunawa mikono, na huko ndiko alikopata hamu ya kutengeneza filamu yake mwenyewe. Mzungu mmoja mkulima alipouza vitu vyake ili arudi kwao, Bwana Picha alinunua kamera yake ya sinema.

Mkewe aliletwa kuolewa kutoka Lahore. Aliniambia nimwite Baji, maana yake dada mkubwa, na tangu siku hiyo sikumwita jina jingine. Hawakuwa na mtoto. Mimba zilikuwa zimeharibika, na jambo hilo alilitaja mara moja tu.

Siku hiyo ya kwanza Bwana Picha alichukua kibunda cha kadi nyembamba, akazipitisha haraka chini ya kidole gumba. Mwanamke mdogo aliyechorwa kwa penseli akainama, akachota maji, akainuka na mtungi kichwani. Nilirudi nyuma hatua moja.

"Filamu nzima itakuwa hivyo," akasema. "Ya zaidi ya saa moja. Imechorwa kwa mkono, na inaongea Kiurdu."

"Mimi sijui Kiurdu."

"Hutaongea. Utachora."

Baadaye nilimuuliza Baji kwa nini wasipige picha watu halisi. Akasema ni msichana gani wa kwao ambaye baba yake angemruhusu kusimama mbele ya kamera ajifanye mke wa mtu. "Mwanamke wa kuchorwa hana baba," alisema. Nikamuuliza pia kwa nini iwe Kiurdu, wakati wao wenyewe nyumbani waliongea Kipunjabi. Akanijibu, "Kwa Kipunjabi naomba chumvi. Mambo mengine siwezi kuyasema kwa lugha ninayoombea chumvi."

Hadithi ilikuwa yake. Mwanamke wa kijiji cha kando ya mto anaachwa na mume aliyetia kidole gumba kwenye mkataba wa kwenda kujenga reli katika nchi ya mbali. Miaka inapita bila habari. Anauza bangili zake, anapanda meli, anashuka pwani ya nchi hiyo, kisha anafuata reli kwa miguu, kambi moja hadi nyingine, akiuliza. Reli inakwisha kwenye ziwa. Ziwa lenyewe lilikuwa letu. Nililitambua kabla hajaniambia.

Plastiki angavu ya kuchorea haikupatikana nchini, na kuiagiza ng'ambo hawakuweza. Bwana Picha akapata njia. Picha za eksirei za zamani, zikishatupwa hospitalini, alizinunua Kisumu kwa magunia. Ukizilowesha katika maji ya soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, utando mweusi huvimba na kutoka, ukabaki ukurasa safi wa plastiki wenye rangi ya samawati kwa mbali. Ndiyo sababu filamu yetu yote ilionekana kama mambo yanayotokea kabla jua halijatoka. Kuziosha ilikuwa kazi yangu na Baji, nyuma ya duka, kwenye mabeseni.

Kila ukurasa ulikuwa na kifua cha mtu. Mbavu, mabega, kivuli cha moyo, na pengine doa jeupe pale palipokuwa na ugonjwa. Unasugua kwa kitambaa na mbavu zinaondoka moja moja. Tulivaa glavu za mpira mpaka zikatoboka, halafu tukaendelea hivyo hivyo. Ngozi ya vidole vyangu ikawa nyekundu na laini kama ya kitoto kichanga, na jioni sikuweza kumega ugali wa moto.

Siku moja niliuliza, "Baji, hawa watu wako wapi sasa?"

"Wengine walipona," akasema, akaendelea kusugua.

Bwana Picha alichora miili na mwendo. Baji alipaka rangi kwa nyuma ya plastiki. Mimi nilianza na nyumba, miti, ng'ombe na maji, kisha nikapewa midomo. Sauti zilirekodiwa kwanza kwenye tepu, ndipo michoro ifuate sauti, kwa hiyo mdomo ulipaswa kufumba pale sauti inapofumba na kufunguka pale inapofunguka. Bwana Picha alinikalisha mbele ya Baji nimtazame akisema maneno yake polepole. Nilichora alichofanya mdomo wake bila kujua maana. Ndivyo nilivyoanza kukielewa Kiurdu. Neno la kwanza nililolijua bila kuambiwa ni kahan, yaani wapi, kwa sababu yule mwanamke alilisema kila mahali alipofika.

Baji ndiye aliyekuwa sauti yake. Bwana Picha alikuwa sauti ya wanaume karibu wote. Walirekodi chumba cha nyuma, mablanketi yametundikwa madirishani, na walingoja mpaka mashine ya kusaga unga iliyokuwa ng'ambo ya barabara izimwe. Siku walizorekodi safari ya meli Baji alianza kukohoa. Tulidhani ni vumbi la mablanketi, au mvuke wa soda. Alikunywa maji moto na asali, akaendelea. Tepu zilikuwa adimu, kwa hiyo vipande vyenye kikohozi havikufutwa. Walisema watavirudia siku kifua kikitulia.

Mara moja tu niligombana na Bwana Picha. Ilikuwa juu ya mwisho wa hadithi, pale mwanamke anapofika nyumba ya mwisho kando ya ziwa na kumkuta mlangoni mwanamke mwingine, mtu wa huku, ambaye ndiye anayeishi na mumewe. Bwana Picha alikuwa ameshamchora mwanamke huyo. Alikuwa mweusi mzima kama kivuli, bila macho wala mdomo.

"Huyu hana uso," nikamwambia.

"Anaonekana kwa muda mfupi sana."

"Hata mtu anayepita ana uso."

"Nyar Chula, kuna picha mia moja za kuchora kabla ya huyo."

"Basi nitachora hizo mia, na huyu pia nitamchora mimi."

Baji alikuwa amekaa chini akichanganya rangi. Hakuinua kichwa. "Mwache amchore," akasema kwa Kiswahili, ili awe na hakika nimesikia. "Mke mwenzangu asiye na uso nitamwambia nini?"

Nikamchora. Nilimpa uso wa shangazi yangu mmoja wa Rusinga, mwanamke mpole aliyechoka. Baji akasema lazima awe na sauti pia, na sauti hiyo iwe ya lugha ya huku, kwa kuwa mgeni asingeambiwa kwa Kiurdu. Nilisimama mbele ya kipaza sauti, nikasema, "En e ot. Donji." Yuko ndani. Ingia. Nikatakiwa kurudia mpaka niliposema kama mtu ambaye hajui anamkaribisha nani.

Jibu la yule mgeni halikurekodiwa. Wao wenyewe hawakuwa wamekubaliana. Bwana Picha alitaka mume atoke nje, alie, wapatane na kurudi kwao pamoja. Baji alikataa.

"Watu hulipa kiingilio wapate faraja," Bwana Picha alisema.

"Bibi yangu alingoja," Baji akamjibu. "Alingoja mpaka akafa, na mlango wake haukufungwa. Nani atamfariji yeye kwa uongo?"

Wakaahirisha. Michoro ilikuwa mingi bado, na sehemu ile ingeweza kungoja.

Mvua za mwaka uliofuata hazikukatika, na ziwa likaanza kupanda. Kwanza lilifunika gati, kisha bustani za mboga, kisha barabara ya chini. Tuliinua makasha ya michoro juu ya matofali. Wiki moja Bwana Picha alikwenda Migori kuwapiga picha wafanyakazi wa migodini, na alipotaka kurudi akakuta mto umejaa, magari hayapiti. Mimi Jumamosi sikufanya kazi, ni Sabato. Jumapili asubuhi nilipofika dukani nilikuta maji yanatoka kwa chini ya mlango, na hayakuwa maji ya rangi moja. Yalikuwa na mistari ya nyekundu, kijani na manjano.

Rangi zetu zilikuwa za maji. Ziwa lilikuwa limeingia kwa nyuma na kuangusha makasha. Baji alikuwa amepiga magoti ndani ya maji, amevaa sweta la mumewe, akiokota ukurasa mmoja mmoja na kuuegemeza ukutani. Alikuwa peke yake tangu alfajiri. Wino ulikuwa umeshika, hivyo watu wote walikuwa bado pale, meli ilikuwepo, kambi zilikuwepo, lakini rangi ilikuwa inawatoka na kuteremka hadi sakafuni. Nilivua viatu nikapiga magoti kando yake. Tuliokota mpaka mchana. Alikohoa, akaokota, akakohoa.

Bwana Picha aliporudi alikwenda kukaa kwenye kiti cha wateja, chini ya ule mlima wa pazia. Tepu zilikuwa salama kwenye rafu ya juu. Michoro mingi ilikuwa imekunjamana na kushikana. Kazi ya karibu mwaka mzima.

"Tuanze tena," Baji alisema.

Bwana Picha akasema, "Si hapa."

Tukahamia Migori. Wakati huo ulikuwa mstari mmoja wa maduka kando ya barabara iendayo mpakani, watu wakija kutoka kila upande, Wajaluo, Wakuria, wachimbaji, wafanyabiashara ya ng'ombe. Kazi ya picha ilikuwepo. Nilipanga chumba nyuma ya duka lao na maneno yakaanza. Walisema Mhindi ameoa wa pili. Mzee wa kanisa alikuja kuniuliza ninafanya nini kila siku nyumbani mwa watu wasio wa imani yetu. Nilimwingiza ndani, nikamwonyesha reli, kambi, na mwanamke anayetembea. Alitazama kwa adabu, akauliza ni nani aliyeniruhusu kuvipa viumbe mwendo. Baada ya hapo sikuitwa tena kuimba kwaya.

Binti yangu alikuwa akikua kisiwani. Nilikwenda kila nilipoweza, na safari ilikuwa ndefu, lori mpaka Homa Bay, kisha mashua. Alimwita mama yangu "mama" na mimi aliniita "mama wa Migori". Nilipombeba alijinyoosha kama kipande cha mbao akingoja nimweke chini.

Baji alikonda. Sweta lile la mumewe likawa linamkaa kama gunia. Siku moja nilimkuta anafua leso kwenye beseni la soda, peke yake, na maji yalikuwa na wekundu ambao haukuwa wa rangi yetu.

"Usimwambie," alisema. "Wacha kwanza tumalize maneno ya mwisho. Wakinilaza hospitali sauti itakwisha."

Nilimwambia mumewe saa hiyo hiyo, Baji akiwa anasikia. Alinikasirikia, hakuniaga walipopanda gari la kwenda Kisumu. Daktari alisema ni kifua kikuu, na mapafu yote mawili yameliwa. Alidungwa sindano kwa miezi. Akapata nafuu, akarudi Migori, akapaka rangi wiki chache akiwa amekaa karibu na dirisha, kisha akarudishwa tena Kisumu. Picha ya kifua chake Bwana Picha alikuja nayo ndani ya bahasha ya kaki. Haikufika kwenye mabeseni. Sijui aliiweka wapi.

Nilikwenda kumtazama mara moja. Wodi ilikuwa na joto, naye alikuwa amejifunika mpaka kidevuni. Aliniuliza kama paa la Migori linavuja. Aliniuliza habari za binti yangu. Kisha akanishika kifundo cha mkono, mkono wake mkavu kama ganda la muhogo, akasema kwa Kiurdu cha polepole, kile alichonisemea nilipokuwa nachora mdomo wake, "Asilete mwanamke mwingine kusema maneno yangu."

Nikamwambia nitamfikishia mumewe.

"Anajua," akasema. "Lakini atasahau akiwa na uchungu. Wewe mkumbushe."

Habari za kifo chake zililetwa na Bwana Picha mwenyewe. Alishuka kwenye lori mchana, ndevu hazijanyolewa, akapita studio ambamo mteja alikuwa amekaa tayari kupigwa picha, akaingia chumba cha giza na kufunga mlango. Yule mteja alingoja, akaniangalia, akavaa kofia yake akaondoka. Tulikwenda Kisumu usiku huo, na kesho yake Baji akazikwa kwenye makaburi ya Waislamu. Wanaume ndio waliokwenda kaburini. Mimi nilikuwa jikoni kwa jamaa zao, nikimenya vitunguu pamoja na wanawake ambao hawakujua mimi ni nani kwake, na sikuwa na neno la kuwaeleza.

Kwa miezi kadhaa hatukuchora. Alipiga picha za wateja, nikazikata pembe na kuzitia kwenye bahasha. Kisha asubuhi moja akaileta tepu mezani, akaiwasha. Sauti ya Baji ikatoka, nzima, ikiuliza njia. Nikainuka. Nikakaa tena.

Tulikuwa tumefika safari ya baharini, pale penye kikohozi.

"Huwezi kukikata?" nikamuuliza.

"Kimeshikana na maneno. Nikikata kikohozi ninakata na maneno. Na hayupo wa kuyarudia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo anakohoa. Mchore anakohoa."

Nikamchora. Sikuhitaji mtu wa kutazama. Bega linatangulia kupanda. Mkono unakwenda kooni, hauendi mdomoni. Macho yanatazama pembeni kuona kama kuna aliyeona. Nilichora hivyo katika meli, katika kambi ya kwanza, katika daraja, na kadiri reli ilivyosonga mbele, kikohozi kikazidi, kwa sababu ndivyo kilivyokuwa kwenye tepu. Mwanamke wetu ambaye hakupewa ugonjwa na hadithi akawa anaugua mbele ya macho yetu, na hatukuweza kumwombea dawa. Jioni mkono wangu ulikuwa mzito. Bwana Picha alikuwa akisikiliza maneno yale yale mara nyingi ili kuhesabu kila sauti inahitaji michoro mingapi, na ilifika mahali akawa anasikiliza bila kuandika chochote.

Tulipofika mwisho alikwenda Kisumu, na akarudi akiniambia amepata binamu, msichana mwenye Kiurdu kizuri, anayeweza kumalizia. Alisema bila kunitazama.

"Alikataza," nikamwambia.

"Najua alichokataza."

"Alisema utasahau."

Alikaa chini. Alikuwa ameshika penseli, akaivunja vipande viwili, akavipanga mezani sambamba. "Basi afike pale mlangoni bila sauti," akasema. "Mkaribishe wewe, na yeye asijibu. Na mume asitoke nje. Baji alitaka hivyo, na iwe hivyo."

Ndivyo tulivyomaliza. Mwanamke wa ziwani anasema, yuko ndani, ingia. Mgeni anamtazama. Nilichora mdomo unaofunguka kidogo, kisha unafumba. Anatazama mlango, anatazama mtoto aliyekaa kizingitini, anageuka, anafuata reli kurudi alikotoka. Ni hatua nyingi. Nilizichora zote mimi.

Kupiga picha michoro hiyo kulituchukua muda mrefu zaidi. Kamera ilining'inizwa juu ya meza kwa fremu ya mbao, unaweka ukurasa, unabofya, unatoa, unaweka mwingine, taa zikichoma na mabati yakichoma. Filamu zilipelekwa ng'ambo kuoshwa, tukangoja. Nyingine zilirudi zimeharibika, tukarudia.

Kazi ilipokwisha, ndipo ikatoka amri kwamba asiye raia haruhusiwi kufanya biashara katika miji midogo kama yetu. Bwana Picha alizaliwa hapa lakini hakuwahi kuandikisha uraia. Wakati ule watu walipoandikisha yeye alikuwa wodini Kisumu akimlisha mkewe uji, na alipokumbuka, muda ulikuwa umepita. Aliambiwa afunge duka. Jamaa zake wengi walikuwa tayari wanaondoka kwenda Uingereza. Alitaka waione filamu kabla hawajatawanyika.

Aliionyesha mara moja tu, Homa Bay, Jumapili mchana, ndani ya ghala la pamba. Tulitundika magunia madirishani kuzuia mwanga na kupaka chokaa ukuta wa ndani. Walikuja watu wa familia za Kihindi zilizobaki, wengine wakiwa wameshafunga mizigo, na majirani zetu wachache waliotaka kuona Nyar Chula alikuwa anafanya nini miaka yote hiyo. Mama yangu alikuja na binti yangu. Vumbi la pamba lilielea kwenye mwanga wa projekta.

Sauti ya Baji ilipotoka, wanawake waliomjua walijifunika nyuso kwa mitandio. Watoto walicheka meli ilipoyumba. Wakacheka pia kikohozi, mpaka mama zao wakawanyamazisha. Kisha tukafika kwenye ile nyumba, mlango ukafunguka, na yule mwanamke mwenye uso wa shangazi yangu akasema maneno yangu. Majirani zetu wakageuka kunitazama. Mzee mmoja wa jamii ya Kihindi alisimama katikati ya mwanga, kivuli chake kikajaa ukutani. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba wazee wao walijenga reli kwa mikono yao na wengine waliliwa na simba, na si haki kuwaonyesha kama watu waliotupa wake zao, hasa sasa, wakati kila mtu anatafuta sababu ya kuwasema vibaya. Akatoka. Baadhi ya familia zikamfuata, kiasi cha nusu ya ghala. Bwana Picha hakuizima projekta. Hatua zile za mwisho nilizozichora zilipita mbele ya viti vitupu na watu waliosimama wakitafuta viatu vya watoto.

Baadaye, nje, mama yangu aliniuliza, "Yule mke alifika kwao?"

"Hadithi haisemi."

"Miaka yote hiyo," mama akasema, "na haisemi." Akamshika mjukuu wake mkono, wakaenda kungoja mashua.

Bwana Picha aliondoka Migori juma lililofuata. Mikebe ya filamu aliitia ndani ya sanduku la bati pamoja na nguo zake, akalifunga kwa kamba ya katani. Michoro isingebebeka. Aliniambia nichukue ninayotaka. Alinipa mkono, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akashika vidole vyangu vilivyoharibika na soda, akavitazama. "Baji alikuwa anakuonea huruma kwa hivi," alisema. Kisha akapanda gari.

Nilichukua kasha moja. Mengine waliyachukua majirani, plastiki ni kitu cha maana, wakaitia madirishani na kuzibia mabanda ya kuku. Jua la Migori likamaliza rangi. Mimi nilirudi Rusinga, nikashona na kukausha omena, dagaa wa ziwani, nikajitahidi kuwa mama wa mtoto aliyekuwa ameshampata mama. Tulizoeana. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Miaka mingi baadaye niliingia duka moja la vifaa vya ujenzi Homa Bay kununua misumari. Mwenye duka alikuwa jamaa yake Bwana Picha, mmoja wa wale waliochukua uraia wakabaki. Nilimuuliza habari zake. Akaniambia alifanya kazi katika kiwanda cha taa huko Uingereza, mji wa baridi, akaishi peke yake chumba cha kupanga, na amekufa siku nyingi.

"Na filamu?" nikamuuliza.

"Filamu gani?"

"Ile ya Kiurdu. Ilikuwa kwenye sanduku la bati."

Alijaribu kukumbuka kwa ajili yangu, niliona anajaribu. Alisema wakati wa ile sinema ya ghala yeye alikuwa shule ya bweni. Alisema vitu vya marehemu vilitolewa chumbani na mwenye nyumba kabla jamaa hawajafika. Hakujua vilikwenda wapi. Akaniuliza kama ningependa chai.

Nikasema ndiyo. Alimtuma mtu, nikaletewa kikombe, nikaketi kwenye debe la rangi nikanywa huku wateja wakiingia na kutoka. Kisha nikachukua misumari yangu, nikamshukuru, nikaenda.